Moshi mji na moshi wa jikoni

Ndugu zangu, tuko Moshi, kwa hiyo neno la leo halihitaji utangulizi. Kila likitajwa, anatokea mtu wa kusema mji umeitwa hivyo kwa sababu mlima ulikuwa ukitoa moshi. Jamani, Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, haijalipuka kwa zaidi ya miaka 100,000. Gesi kidogo inayofuka ndani ya kreta ya Reusch haionekani kutoka huku chini. Tunachokiona ni wingu. Na jina lenyewe halikuzaliwa huku chini. Lilikuwa kule juu mlimani, Old Moshi, kwa Mangi Rindi, mtawala wa Wachagga wa huko, kabla hakujawa na reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, mji ukakua kandokando ya stesheni, Wajerumani wakauandika Neu-Moschi. Kule juu lugha yao wanaiita Kimochi. Mochi, kwa ch. Jina la Kichagga tulitafute kwenye Kichagga kwanza, kamusi ya Kiswahili ije baadaye.

Sarufi nayo inatenganisha. Tunasema "moshi unawasha macho", lakini "Moshi imekua". Moshi wa jikoni, wingi wake mioshi, kama moto na mioto, moyo na mioyo. Maana yake m- ni kiambishi: mu- imekutana na -oshi, zikaungana. Shina ni -oshi. Jina la mji halina wingi, wala hulivui kiambishi ukabaki na kitu.

Hapo najua kuna atakayedakia: kama ni Mochi, mbona Wajapani wana mochi? Wanayo. Ni mchele wa kunata: unalowekwa usiku kucha, unapikwa kwa mvuke, unatiwa kinuni ukiwa bado wa moto, mmoja anatwanga na mwenzake anaugeuza kwa mkono uliolowa maji, haraka, kati ya pigo na pigo. Mkono ukiwa mkavu, donge linaganda vidoleni. Sasa mtu akishasikia kinu, anaruka: "Basi mochi ni mchi! Wajapani walichukua kwetu!" Tulieni, tupime.

Hatua ya kwanza, weka wingi. Mchi, michi. M- inaondoka, inabaki -chi. Kijapani hakina ngeli. Ile mo- ni sehemu ya neno, ukiikata umelivunja. Kwa hiyo mnalinganisha -chi na mochi, na hapo mfanano umeshapungua nusu. Hatua ya pili, tazama kinachotajwa. Mchi ni chombo, mochi ni chakula. Chombo chao kinaitwa kine, na ni nyundo ya mti yenye mpini ubavuni, si mti ulionyooka kama wetu. Hatua ya tatu ndiyo watu wanaikimbia: tafuta maneno mengine ambayo sauti zake zinalingana kwa utaratibu uleule. Neno moja halithibitishi kitu. Lugha zina sauti chache na maneno maelfu, lazima yagongane.

Na ile "moshi moshi" ambayo Wajapani husema wakipokea simu? Imetoka kwenye kitenzi mōsu, kusema kwa unyenyekevu. Wana na moshi nyingine yenye maana ya "ikiwa", nayo ni neno jingine kabisa. Na wale watu wanaoitwa Wamoshi huko Ghana ni Mossi wa Burkina Faso. Wenyewe husema Moose, na mtu mmoja Moaaga. Hilo nalipita, muda hautoshi.

Nataka mwone udugu wa kweli wa maneno unavyofanana. Kinyarwanda, moshi ni umwotsi. Sh yetu imekutana na ts yao. Je, inajirudia? Andika inatupa mwandishi. Kwao kwandika inawapa umwanditsi. Sh na ts tena, mahali palepale, mbele ya i. Huo ndio ushahidi, kwa sababu sauti zinatembea pamoja neno baada ya neno.

Shukeni kusini zaidi, Kitswana na Kisotho, mtakuta mosi. Mtu wa hapa akilisikia atafikiria Jumamosi, mosi ya kuhesabia. Ndiyo mtego wenyewe: mosi yetu na mosi yao zinasikika sawa, na hazihusiani hata kidogo. Mosi yao ni huu moshi wetu wa jikoni, wenye sauti tofauti. Ndiyo iliyomo kwenye jina la yale maporomoko ya Zambezi, Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma.