Umeme wa Kuchimba

(Mhadhara wa jioni kwa wanafunzi wa ufundi umeme na wakazi, Mtwara)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni?

Nimeombwa nizungumzie faida na hasara za nishati isiyo jadidifu katika kufua umeme. Jina refu hilo. Maana yake ni vile vitu ambavyo ukishavitumia havirudi: makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia, na urani. Mimi nitakaa kwenye gesi. Mtu akija Mtwara akaanza kuhubiri makaa ya mawe, mtasema kapotea njia.

Faida naisema bila aibu, maana nimelishia watoto kwayo. Nilikuwa mtu wa zamu kwenye chumba cha udhibiti wa mitambo. Saa moja jioni watu wanarudi nyumbani: taa, pasi, televisheni, vyote kwa pamoja. Gridi inatakiwa ikae kwenye hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi kinachozalishwa, mitambo yote inaelemewa na kupunguza mwendo, na wewe unaiona namba kwenye kioo ikiteremka, 49.9, 49.8. Simu inalia: "Ongeza megawati ishirini." Unafungulia gesi, turbini inanguruma, na baada ya muda mfupi namba inapanda tena. Jua wakati huo limeshazama, hulipigii simu. Nishati ya kuchimba ina utumishi huo: ukiiita, inaitika.

Maji nayo tuliyaamini mno. Mwaka 2006 ukame ulipolikausha bwawa la umeme la Mtera, tulikaa gizani kwa mgao mpaka vinyozi wakarudia mkasi. Serikali ikakimbilia mitambo ya dharura, na mkataba mmojawapo wa haraka ile uliishia Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu, Februari 2008. Siasa zake mnazijua, mimi nina jambo la kifundi. Mikataba ya namna hii mara nyingi huwa na malipo ya mtambo kuwa tayari tu, uwake au usiwake. Ni kama kukodi teksi ikae nje ya nyumba yako mwaka mzima: usipopanda unalipa, ukipanda unaongeza na ya mafuta. Na mafuta yenyewe yanakuja kwa meli, kwa dola.

Na gesi ya Songo Songo, pale Kilwa, iligunduliwa tangu 1974. Ikalala miaka 30. Imeanza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Kila nikikumbuka mafuta tuliyonunua katikati hapo, roho inaniuma.

Sasa hasara. Mtambo wa gesi wa kawaida unatupa karibu theluthi mbili ya joto lake kupitia bomba la moshi. Simama karibu na bomba lile uone: hewa inacheza kama juu ya lami ya mchana, na hiyo ni gesi ya Watanzania inayopasha mawingu. Kwenye mtambo wa gesi wa Kinyerezi II, Dar es Salaam, waliliona hilo. Joto la turbini za gesi linachemsha maji, mvuke unazungusha turbini nyingine, unapata umeme zaidi kwa gesi ileile. Vijana, mkipata nafasi ya kutembelea, ulizeni kwanza kuhusu hiyo mvuke.

Hewa ya ukaa? Kwa kila yuniti ya umeme, gesi hutoa takriban nusu ya makaa ya mawe. Ila ikivuja kabla ya kuchomwa ni hatari zaidi, kwa kuwa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, huzuia joto zaidi kuliko hewa ya ukaa yenyewe. Majirani zetu Kenya walitaka kujenga mtambo wa makaa wa megawati 1,050 Lamu. Watu wa Lamu wakaenda kushitaki, na Juni 2019 kibali kikafutwa, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kushirikishwa. Hapa Mtwara neno hilo halihitaji mkalimani. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, palichafuka hapa kwa kupinga bomba la kupeleka gesi yetu Dar es Salaam, na watu walikufa. Bomba likajengwa, zaidi ya kilomita 500 hadi Dar. Mhandisi atakwambia umeme hufuliwa karibu na wanaoutumia, na kwa hesabu zake yuko sahihi. Lakini mama wa hapa, ambaye mkoa wake ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, taa ikizimika na gesi inapita chini ya shamba la jirani, umweleze hesabu gani? Mimi sikuwahi kupata jibu la kumpa.

Naona mkono kule nyuma. Mzee anauliza gesi itaisha lini.

Mzee wangu, haiishi kama maji ya ndoo. Jaza upepo tairi la baiskeli, kisha bonyeza valvu: mwanzo unafoka, halafu unatoka kwa kunong'ona, na ndani bado umo. Kisima nacho hivyo. Gesi inakuwapo lakini msukumo unapungua, na turbini haitaki gesi ya kunong'ona. Itabidi usimike mashine za kuisukuma, na mashine hizo nazo zinakula nishati. Nyingine nyingi iko baharini kwenye kina kirefu, haijaanza kutolewa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza imebaki kiasi gani, waulize wenye visima wanaipima kwa msukumo gani.