Maji ya Amboni yanaweza kuwasha taa Tanga?

Wadau wa Tanga, hamjambo? Niko Iceland, nje kidogo ya Reykjavík. Huo wote mnaouona nyuma yangu ni mvuke, hakuna anayechoma taka. Hapa ni Hellisheiði, mtambo wa jotoardhi unaofua umeme wa megawati kama 300, halafu maji ya moto yanakwenda mjini kwa bomba kupasha nyumba.

Sasa, kaka mmoja wa Chumbageni kanitumia sauti: "Dada, si Amboni tuna chemchemi ya maji moto ya kiberiti? Mbona hatufui umeme?"

Kaka, sikiliza. Wenzetu wanachimba kisima kilomita mbili au zaidi, mpaka kwenye mwamba wa moto wenye maji. Huko chini maji yanapita nyuzi 200 na bado hayachemki, kwa sababu yamebanwa. Yakipata upenyo wa kisima yanapanda kwa kishindo, mengine yanageuka mvuke, mvuke unazungusha mtambo. Yakishatumika yanarudishwa ardhini, maana ukinyonya tu, presha inakufa.

Ya Amboni ni ya kuogea. Ngozi inafurahi, mtambo hautikisiki! Joto kali liko Bonde la Ufa. Wakenya wanafua umeme Olkaria tangu 1981, na kwetu TGDC, kampuni tanzu ya TANESCO ya jotoardhi, macho yake yako eneo linaloitwa Ngozi kule Mbeya.

Utamu wa umeme huu ni kwamba haungoji mvua. Mnakumbuka bwawa la Mtera likikauka mgao wa umeme unavyotutesa? Huu unawaka masika na kiangazi, usiku na mchana.

Ila msidanganywe kwamba ni wa bure. Kisima kimoja ni mamilioni ya dola, na unaweza kuchimba ukakuta joto halitoshi. Pesa ndiyo imekwenda hiyo. Hapa Hellisheiði, mwaka 2011, kurudisha maji ardhini kulileta matetemeko, watu wa mji wa jirani wakalalamika. Kuna na gesi yenye harufu ya yai viza. Na Olkaria, Wamasai walihamishwa kupisha mradi. Hilo kwangu ni zito kuliko harufu.

Kwetu zinatajwa megawati zaidi ya 5,000 za jotoardhi. Mimi nasema zichimbwe kwanza ndipo tuzihesabu. Na zikipatikana Mbeya, Tanga hatukosi: gridi ni moja, umeme wa Rufiji mbona unatufikia?

Wiki ijayo nawapeleka Hveragerði, huo mji wa jirani, nyanya zinaiva kwa joto hilihili huku nje theluji. Bonyezeni kengele.