Zamu ya Jumatano

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, na nyinyi vijana mliokuja na jezi kana kwamba tukimaliza hapa kuna mechi. (Kicheko.) Nimeombwa nizungumze juu ya urafiki wa wanamichezo. Mtanisamehe, nitazungumza zaidi juu ya ratiba.

Mwaka 1991 tulikuwa kumi na mmoja wa kwanza wa timu ya chuo cha ualimu. Mechi za ugenini tulikwenda juu ya lori la mahindi, tukalala kwenye madarasa ya watu. Mimi nilikuwa beki tatu, na najua siku hizi mitaani neno hilo lina maana nyingine, kwa hiyo vijana tulieni. (Kicheko.) Golini alikuwepo mtu tuliyemwita Kipa. Jina lake halisi familia imeniomba nilihifadhi, na kwa kweli hata mkewe alikuwa akimwita Kipa.

Baada ya chuo tulitawanywa na ajira, huyu Songea, yule Tarime, mwingine Tabora. Tukawa tunakutana kwenye harusi na misiba, na mwisho karibu wote tukajikuta Dar es Salaam na viunga vyake, vitambi mbele.

Mwaka 2017 Kipa akaanza kuteremshia ugali kwa maji. Akasema ni vidonda vya tumbo. Baada ya muda ugali ukagoma kabisa, akahamia kwenye wali, kisha uji, kisha uji nao ukawa unarudi. Waliouguza wanaijua safari hii. Ni saratani ya umio, njia ile ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukanda wetu huu, kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini, unaumizwa na ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi za dunia, na wengi hufika hospitali njia ikiwa imebaki tundu. Hutajwa tumbaku, hutajwa pombe, na mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliongeza vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinauchochea. Kipa alikunywa chai ambayo wewe ungeogopa kuishika. Lakini sikuja hapa kumsuta marehemu kwa kikombe chake.

Madaktari wa Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar es Salaam, walituambia ukweli kwa upole: umeshasambaa. Watamwekea kibomba apate kumeza, na watahakikisha haumii. Kumponya, hapana.

Sisi tukafanya tunachokijua Watanzania. Tukachanga. Daftari likafunguliwa, simu zikalia, fedha zikapatikana haraka. Jumapili tukaenda wote kumi kwa mkupuo, kwenye sebule yenye viti vitano. Tukaomba, tukacheka, tukarudia ile penalti kwa mara ya elfu. Shemeji akatupikia pilau. Hebu lifikirieni hilo. Mwanamke ambaye usiku halali amewapikia wanaume kumi waliokuja kumpa pole!

Tulipokwisha kuagana nikarudi kuchukua miwani yangu. Nikamkuta jikoni, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mwiko mkononi, amelala. Nikamwamsha. Nikamuuliza, "Shemeji, tukusaidie nini?" Akanitazama kama mtu asiyelijua swali. Kisha akasema, "Nataka mtu aniambie kwamba usiku wa leo si wangu."

Ratiba ilizaliwa hapo. Saba kati yetu tukagawana usiku saba, wawili wakawa benchi. Mimi nilipewa Jumatano. Unafika saa tatu, shemeji anaingia chumba cha watoto na kufunga mlango. Unamwinulia mgonjwa mito, kwa sababu akilala chali kile alichomeza kinapanda. Unamgeuza ubavu asipate vidonda. Unamlowesha midomo. Na unampa dawa.

Hapa nisimame kidogo, maana hapa ndipo tulipogombana. Dawa yenyewe ilikuwa mofini ya maji, ya kunywa. Mwenzetu mmoja, mzee wa kanisa, akasema tunamfanya Kipa kuwa teja. Muuguzi hakukasirika. Akatueleza kwamba mofini haisubiri maumivu yaje. Inatolewa kila baada ya saa nne, kwa saa ya ukutani, na ya kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa apitilize usiku. Mtu mwenye maumivu ya saratani akipimiwa sawasawa hageuki teja, anageuka mtu anayeweza kuzungumza. Utaratibu huo wa kufuata saa aliupigania Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi kwanza na daktari baadaye, aliyefungua hospisi, yaani nyumba ya kutunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Nairobi wakapata hospisi yao mwaka 1990, na mwaka 1993 Dk. Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa huko Uganda, akaonyesha kwamba mofini ya maji inaweza kutengenezwa kwa bei ya watu kama sisi.

Jambo ambalo watu hulionea haya kulisema: mofini hufunga choo. Lazima iende na dawa ya kulainisha. Sisi tulizembea, na siku ya nane Kipa alipofanikiwa, aliyekuwa zamu aliandika neno moja tu kwenye kundi letu la WhatsApp: "Goooli!" (Kicheko kirefu.)

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2014, dunia nzima ikijimwagia ndoo za barafu kuchangia vita dhidi ya ALS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaolemaza misuli polepole. Mmoja wa walioisukuma kampeni ile alikuwa Pete Frates, nahodha wa zamani wa besiboli pale Boston College, aliyegunduliwa na ALS mwaka 2012 akiwa na miaka 27. Chama kimoja tu cha Marekani kilipata dola milioni 115. Sina kinyongo na ndoo, fedha zile zilikwenda kwenye utafiti. Ila ndoo ni ya dakika moja, na Frates alifariki Desemba 2019. Katikati hapo kuna mikesha mingapi?

Mshambuliaji wetu hakuja hata usiku mmoja. Tulimsema sana. Baadaye shemeji akatuambia kwamba kila maji ya mtaa yalipokatika, alfajiri alikuta madumu sita yamejaa mlangoni. Ndiye aliyekuwa akiyaleta. Hakuweza kuingia. Nilikuwa nimemtolea maneno makali, na nikaenda kuyafuta mwenyewe.

Jumatano moja, kama saa tisa za usiku, Kipa akasema, "Jumapili mkiwa wote mnaniambia nitapona. Sasa uko peke yako. Sema." Nilikaa kimya muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nikasema, "Hutapona, Kipa." Akasema, "Haya. Leta karatasi." Akaniandikisha mpaka wa kiwanja cha Kibaha, akamtaja fundi anayemdai shilingi elfu themanini, na akasema hataki hotuba ndefu kaburini. Hiyo ya mwisho hatukuitekeleza. Mzee wa kanisa alizungumza dakika arobaini.

Alifariki Jumamosi, zamu ya winga wetu wa kushoto, mkewe akiwa amelala usingizi wa kweli chumba cha pili. Akaamshwa mapema, akawahi kumshika mkono.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Lakini kuna mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mofini. Mama, shikamoo. Mpeni kipaza sauti.