Thamani Moja, Mikataba Mingi

Ndugu wasikilizaji, mwandishi wa mikataba erevu, yaani programu zinazoendeshwa kwenye mnyororo wa bloku kama Ethereum, akifikia mkataba wa tatu au wa nne hugundua kwamba namba zilezile anaziandika kila mahali, na hapo huanza kutafuta pa kuziweka mara moja tu.

Katika Solidity, lugha ya kuandikia mikataba hiyo, thamani iliyotangazwa kuwa thabiti (constant) haikai katika hifadhi ya mkataba. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo chanzo, huipachika ndani ya baitikodi, yaani msimbo uliotafsiriwa unaoendeshwa kwenye mnyororo, kila inapotajwa, na ndiyo maana kuisoma ni rahisi mno, ilhali kusoma nafasi ya hifadhi kwa mara ya kwanza katika muamala wa Ethereum kunagharimu gesi 2,100 (gesi ni kipimo cha gharama ya kazi kwenye mnyororo) tangu mabadiliko ya mtandao huo yaitwayo Berlin ya mwaka 2021. Kuanzia toleo la 0.7.4 thamani hizo zinaweza kutangazwa nje ya mkataba wowote, katika faili ambalo mikataba mingine italiagiza (import). Maktaba na urithi bado ni njia halali, ingawa kurithi mkataba mzima kwa ajili ya namba mbili mimi naona ni kuhamisha nyumba kwa sababu ya ufunguo.

Linalowapotosha wengi ni hili: kinachoshirikiwa ni msimbo chanzo, si kitu kilichoko kwenye mnyororo. Mikataba mitano iliyoliagiza faili hilo imebeba nakala tano, na ukilibadilisha leo kabla ya kupeleka mkataba wa sita kwenye mnyororo, ile mitano itaendelea na namba ya zamani wala kompaila haitalalamika. Tuseme kigawanyo cha ada kilikuwa 10,000, nawe ukakifanya 1,000,000: ada ya 30, iliyokuwa asilimia 0.3, katika mkataba mpya ni asilimia 0.003.

Thamani inayopaswa kubadilika kwa wote kwa pamoja, basi, si thabiti. Iwekwe katika hifadhi ya mkataba mmoja wa usanidi, na mingine ikubali kulipa gesi 2,600 za kuita anwani ambayo haijaguswa katika muamala huo, pamoja na zile 2,100 za hifadhi.

Zipo pia thamani zinazopangwa mara moja tu katika konstrakta, sehemu inayotekelezwa mkataba unapoundwa, kama anwani ya tokeni inayotofautiana kati ya mnyororo na mnyororo. Hizi nazo hukaa katika baitikodi, kwa hiyo mikataba wakala miwili (ile inayotumia msimbo wa mkataba mwingine, uitwao utekelezaji) inayotegemea utekelezaji mmoja husoma thamani zilezile. Utekelezaji huo ukibadilishwa, konstrakta mpya lazima ipewe anwani ile upya, kwa kuwa hifadhi ya wakala haikuwahi kuwa nayo.