Leo hatusuki nywele: tunafunga madirisha kabla baridi ya Minnesota haijatukuta

Haya wapenzi, karibuni tena. Leo hatusuki, leo ni nyumba. Hapa Minneapolis ni Oktoba, majani yanadondoka, na aliyefika mwaka huu toka Tanga au Mombasa ameshavaa makoti mawili anadhani hii ndiyo baridi yenyewe. Ndugu yangu, bado. Januari 2019 kipimo hapa kilishuka mpaka nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Friza ya nyumbani huwa 18 chini ya sifuri. Yaani siku ile ungejifungia kwenye friza ungekuwa umejikinga.

Nje, haraka haraka. Mpira wa kumwagilia uchomoe kwenye bomba. Shuka besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, funga koki ya bomba hilo kwa ndani, rudi nje ulifungue limwage maji yote, uliache wazi. Maji yakiganda yanavimba, bomba linapasuka ndani ya ukuta na hujui kitu mpaka Aprili, siku unamwagilia maua na besimenti inageuka bwawa. Umepanga? Mpigie mwenye nyumba afanye yeye.

Filta ya mtambo wa joto. Chomoa ya zamani, soma vipimo ubavuni, nunua vilevile, mshale uelekee kwenye mtambo. Basi. Mtambo huku wanauita fanesi. Nilimwambia mama kwenye simu naenda kununua filta ya fanesi, akanyamaza weee, halafu, "Mwanangu, fenesi la huko linachujwa?"

Sasa madirisha, hapa ndipo penye raha. Washa kijiti cha udi, kipitishe polepole pembezoni mwa fremu. Tazameni moshi. Unapanda wima… wima… hapo! Mmeona ulivyolala? Hapo ndipo joto linapovuja na hela yako ya gesi inapopotelea. Mimi natumia udi wa… eeh! Jamani! Subirini, subirini, nipunge kanga.

Samahani. Haya, king'ora cha moshi ni kizima, mmeshuhudia. Hakikisheni na kile cha kaboni monoksidi kipo. Hiyo ni gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi, na sheria ya Minnesota inataka king'ora chake kisizidi futi 10 kutoka chumba cha kulala. Na jiko la mkaa, nakuomba, lisiingie ndani. Hata gereji lisiingie. Hata kama umeme umekatika.

Tuendelee. Hii ni nailoni ya dirisha, inauzwa kwenye pakiti na selotepu yake ya gundi pande mbili. Tunabandika kwa ndani, siyo nje. Kwanza futa fremu kwa spiriti, kila kona, iache ikauke. Nimesema ikauke. Zungusha selotepu fremu nzima, kandamiza kwa kidole gumba. Kata nailoni izidi dirisha vidole vinne kila upande. Bandua karatasi ya selotepu ya upande wa juu, bandika nailoni juu, shuka pembeni, malizia chini. Ina makunyanzi kama shuka la mgeni? Sawa tu, usiivute.

Sasa draya. Acheni mnachofanya mnisikilize. Upana wa kiganja kutoka kwenye nailoni, na mkono unatembea. Unatembea! Mwaka wangu wa kwanza nilikuja na draya ya saluni, nikaiweka moto wa mwisho, nikasogea karibu, simu ikaita. Nageuka, tundu la ukubwa wa kisahani cha chai. Nililiziba kwa selotepu nikalitazama mpaka Machi. Kwa hiyo kiganja, na mkono unatembea, na simu iweke chumba kingine.

Anza konani… tazameni inavyojivuta. Makunyanzi yanakwisha yenyewe, kioo kitupu. Napenda hii sehemu kuliko hata kumaliza kusuka. Mkono unatembea… ngojeni. Hii kona ya chini, mnaiona? Imeachia. Sogeza kamera. Hapa sikufuta, vumbi hili hapa kidoleni. Nimewaambia nini? Kila kona. Haya, bandua kidogo, spiriti, kausha, kipande kipya cha selotepu, kandamiza. Tutaipitishia draya tena, kwa mbali.

Juu ya nailoni napenda pazia zito. Lisifunike tundu la joto sakafuni, na sofa pia lisogezwe, usije ukapasha matako ya sofa msimu mzima. Mapazia nashona mwenyewe, kitenge mbele, blanketi nyuma. Nitumieni vipimo WhatsApp, upana kwanza, kimo baadaye. Mwaka jana mmoja alianza na kimo, nikamshonea pazia la kufunika magoti. Lipo hapa bado, nalitoa kwa bei ya kitenge tu, kama una dirisha fupi pana.