Upulike, si Ulipuke

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliojibana huko nyuma karibu na feni, hamjambo.

Nianze na aibu yangu. Mwaka jana niliwasomesha kidato cha tatu utendi wa Mwana Kupona, ule aliomtungia bintiye Mwana Hashima mnamo 1858, akiwa mgonjwa. Kiamu, lahaja ya Lamu, kikanishinda. Mimi mtoto wa Nyalenda, Kisumu. Kiswahili nilikiokota darasani na soko la Jubilee, si Lamu. Basi nikaupiga picha ubeti wa kwanza, nikaiuliza akili unde, hii AI ya simuni.

"Sanati" ikanieleza vizuri: miaka, neno la Kiarabu. "Wasiati" ni wasia. Nikaiamini. Tulipofika "upulike", ikasema bila kusita kwamba ni "ulipuke". Mama mgonjwa anamwita mwanawe karibu ili alipuke! Nami, jamani, nikaliandika ubaoni. Msichana mmoja akafungua kamusi: pulika, kusikiliza.

Mnawajua bodaboda wetu wa Kondele. Ukimtajia mahali asipopajua, hasemi hapajui. Anakwambia panda twende. Mashine hii ni hivyo hivyo. Imefundwa kukisia neno linalofuata kutokana na maandishi mengi mno, na mengi ya hayo ni ya Kiingereza. Kiamu cha karne ya 19, kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, humo ni chembe.

Sikuitupa lakini. Wiki iliyofuata tuliiuliza: Mwana Hashima angemjibuje mamake? Ikatunga beti papo hapo. Utendi mnaujua: mishororo minne, kila mmoja mizani nane, yaani silabi nane, mitatu ya kwanza kina kimoja, na wa nne unashika kina kinachokwenda hadi mwisho. Darasa likahesabu kwa vidole, wengine wakipiga madawati: mshororo wa tatu una mizani kumi! Kelele ilivyozuka, mwalimu wa jirani alikuja kuchungulia. Miaka yote nimefundisha mizani, sikuwahi kuona watoto wakiigombania.

Kisha ukazuka ubishi mwingine: je, binti yule angethubutu kujibu hata kidogo? Hilo mashine haikuweza kulimaliza. Ilibidi warudi kwenye beti zenyewe, zile za kumtunza mume, ambazo wasichana wangu wana maneno nazo mpaka leo.

Muhtasari siupendi, nisiwafiche. Ukiiomba itakupa, nawe utakuwa umepata mwongozo mwingine tu, kama ile mnayoficha chini ya dawati. Mimi naiambia iniulize maswali, au ibishane nami, na kitabu kiwe wazi mbele yangu.

Haya, mezani kuna karatasi zenye ubeti wa kwanza. Toeni simu. Na kama humu kuna mtu wa Lamu, tafadhali njoo ukae nami hapa mbele. Nitakuhitaji kuliko hizo simu.