Beni ya Columbus na Msimu wa Ohio State

ZUHURA: Karibuni tena. Mwenzangu Juma leo amekuja na karatasi, ameandika mafunzo matatu ya msimu wa 2024 wa Ohio State, timu yetu ya chuo ya mpira wa Kimarekani.

JUMA: Matatu, mafupi.

ZUHURA: Ngoja kwanza nikupe ya wiki hii. Baba yuko kwangu hapa Columbus, amekuja kutoka Lamu. Jumatatu usiku fainali ya vyuo, sisi na Notre Dame, kule Atlanta. Sebule imejaa. Tulikuwa 31-7, jamaa wakarudi mpaka 31-23. Tunataka yadi 11 ili mpira ubaki wetu, Will Howard, mrushaji wetu, akaurusha mbali, Jeremiah Smith akaudaka. Yadi 56! Nyumba nzima juu. Baba amekaa vile vile, aniuliza, “Mwanangu, wale wa matarumbeta warudi saa ngapi?”

JUMA: Mfikishie shikamoo yangu. Lakini mzee amepitwa na kitu! Yule Smith ndio kwanza ana mwaka mmoja chuoni. 34-23, ubingwa wetu. Sasa, funzo la kwanza…

ZUHURA: Mbona wakimbia? Unajua baba ameona nini? Ameona beni. Ile ngoma ya kwetu ya matarumbeta na gwaride, iliyoanzia Lamu na Mombasa karne ya 19 ikielekea mwisho.

JUMA: Ikashuka hadi Tanganyika. Kwetu ikawa Marini na Arinoti, pande mbili zinashindana, kila upande na watu wake.

ZUHURA: Haya! Na bendi ya Ohio State ni shaba na ngoma tupu, hakuna zumari wala filimbi. Waingia kwa mstari mmoja, wapiga huku watembea, na ule mstari waandika neno Ohio uwanjani, herufi zimeshikana. Wafanya hivyo tangu 1936. Imebaki nukta ya i. Atoka mmoja wa lile tarumbeta kubwa linalozunguka mwili, aenda kwa madaha mpaka juu ya herufi, avua kofia, ainama upande huu, ageuka, ainama upande ule. Uwanja wa watu 102,780 wapiga kelele kwa ajili ya nukta.

JUMA: Na hapewi mtu wa jana ile nafasi. Lazima awe mwaka wa nne au wa tano bendini.

ZUHURA: Ndipo baba akasema: mtu amebeba shaba miaka minne kwa nukta moja, kombe apewe huyo.

JUMA: Hapo mzee ameongea. Ila turudi mpirani, dada. Funzo la kwanza ni Michigan, mahasimu wetu. Novemba 30, hapa hapa nyumbani, tumefungwa 13-10 na timu ambayo haikuwa hata kwenye orodha ya timu 25 bora za vyuo. Mara ya nne mfululizo! Mimi ubingwa nimeufurahia, lakini msimu huu una doa.

ZUHURA: Doa gani? Bila kipigo kile hakuna ubingwa. Siku ile tuling'ang'ania kukimbia na mpira katikati, ukuta umesimama pale pale. Mchujo wa kutafuta bingwa ulipoanza, mpira ukarushwa. Tennessee 42-17. Oregon, waliotufunga Oktoba kwa pointi moja, tukawaongoza 34-0, wakaishia 41-21. Kipigo kiliwafundisha.

JUMA: Sikubali. Ingekuwa zamani, kipigo kile kingetutoa. Msimu huu mchujo umeanza kuchukua timu 12, tukapata mlango. Mlango haufuti kipigo. Mimi ni mtu wa Simba. Simba ikibeba kombe lakini Yanga wametufunga, Kariakoo napita wapi?

ZUHURA: Wapita na kombe lako!

JUMA: Napita, lakini najua.

ZUHURA: Hawa ni vijana wa chuo. Mkumbuke Jack Sawyer, mlinzi wetu. Michigan wamechomeka bendera yao katikati ya uwanja wetu, yeye ndiye aliyeichana kwenye mti wake. Januari 10, nusu fainali, Texas wako yadi moja kutoka mstari wetu wa mwisho. Tukawarudisha nyuma, ikafika jaribio la nne, la mwisho. Sawyer akamvaa Quinn Ewers, mrushaji wao, waliyewahi kuishi naye chumba kimoja hapa chuoni, mpira ukamtoka, Sawyer akaubeba yadi 83 mpaka mwisho. Kijana wa karibu na hapa, kwao ni Pickerington. Yule umwambie msimu wake una doa?

JUMA: Sawyer amecheza misimu minne hajawahi kuwafunga Michigan hata mara moja. Muulize yeye kama haimuumi.

ZUHURA: Kuuma ni jambo moja, doa ni jingine.

JUMA: Kwangu ni lile lile.

ZUHURA: Basi hapo hatukutani.

JUMA: Hatukutani. Haya, funzo la pili, hela. Mkurugenzi wa michezo, Ross Bjork, alisema kikosi hiki kiligharimu kama dola milioni 20…

ZUHURA: Juma, saa hiyo. Naona dakika moja.

JUMA: Na Caleb Downs tumemtoa Alabama, Howard tumemtoa Kansas State, Judkins Ole Miss, wote wachezaji wa vyuo vingine, hilo nalo nilitaka tuliseme vizuri!

ZUHURA: Halisemeki kwa dakika moja. Weka karatasi.

JUMA: Naiweka. Lakini wasikilizaji, la Michigan mtuandikie. Semeni kweli, nani kati yenu alilala usingizi ile Novemba 30?

ZUHURA: Na Januari 20, usiku wa fainali, nani alilala? Mtuandikie na hilo. Kwaherini.